Pima ya Mama

Kwetu Boito, herufi b na p ni pacha. Ukiita mmoja, wote wawili wanaitika. Mchungaji wetu huomba kwa "Papa wetu uliye mbinguni" na hakuna hata mmoja kanisani anayedhani anamaanisha yule wa Roma. Nyumbani tunaongea Kipsigis, lakini mambo ya serikali na ya hospitali hayana majina kwa lugha yetu, kwa hivyo tunayaazima kutoka Kiswahili, na yakishafika midomoni mwetu yanavaa nguo zetu. Hata d na t ni hivyo hivyo: duka la dawa ni tuka la tawa. Ndiyo hivyo, na tumeishi salama.

Mimi nilienda kusomea sheria, na miaka mitatu ya chuo imenifunga midomo vizuri. Mbele za watu natamka b kama mtangazaji wa redio. Lakini nikifika nyumbani, nikimaliza kikombe cha kwanza cha chai, ulimi unarudi kwao bila kuniuliza.

Nasema haya mapema ili msije mkanicheka peke yangu.

Mwaka wa tatu tulitakiwa kwenda mahakamani kwa mafunzo, ile tunayoita atachimenti. Nilipata nafasi nzuri, karibu na nyumbani, na nikaringa wiki nzima. Kisha chuo kikasema hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kwenda bila kuonyesha kwamba ana bima ya afya, na mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Usipoonyesha, nafasi inapewa mwingine, nawe unangoja mwaka ujao huku wenzako wakivaa suti. Haya. Nikaulizia. Nikaambiwa kwa vile umri wangu bado mdogo na ningali masomoni, naweza kuingia chini ya bima ya mzazi. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, kwa hivyo mzazi ni mmoja. Na huyo mzazi hakuwa amejiandikisha, na lazima aende mwenyewe, kwa sababu alama ya kidole haitumwi kwa simu.

Nikampigia.

"Mama, nataka twende tukatafute bima."

"Pima?"

"Ee, bima. Ya afya."

"Mimi sina shida yoyote."

"Ndiyo wakati wake, Mama, ukiwa huna shida. Ukingoja mpaka uwe mgonjwa utakuwa umechelewa."

"Nani amekuambia niko mgonjwa?"

"Hakuna. Na si yako peke yako. Ukishapata wewe, na mimi nimepata hapo hapo."

"Mungu apishe mbali!" akasema Mama, na simu ikakatika.

Nilidhani ni mtandao. Boito mtandao huja na kwenda kama fundi wa paa. Nikapiga tena jioni, akaniambia ng'ombe karibu azae. Wiki iliyofuata ng'ombe alikuwa amezaa, lakini kulikuwa na mkutano wa kina mama wa kanisa. Halafu siku ya kuchuna majani. Halafu goti. "Goti linauma, siwezi kusafiri." Nikamwambia goti likiuma ndiyo sababu nzuri zaidi ya kwenda. Akasema goti limepona.

Sasa, ili mjue Mama alikuwa anakimbia nini, lazima niwaeleze neno pima huku kwetu. La kwanza, majani ya chai hupimwa. Unachuna tangu alfajiri, unabeba hadi kituoni, na karani wa kupima anaingiza mkono ndani ya gunia lako mbele ya watu wote. Akikuta majani makubwa, yaliyokomaa, anakurudishia gunia zima. Hakuna aibu kubwa huku kama kurudishwa. Watu wanaangalia viatu vyao tu, na unatembea kwenda nyumbani na gunia lako kama mtu aliyefumaniwa. Mama hajawahi kurudishwa, na anapenda kulitaja jambo hilo, hasa mbele ya waliorudishwa.

La pili, dada yake. Mama mdogo alikuwa mzima, mcheshi, mpiga kayamba kanisani. Siku moja akapata homa ndogo, akaenda kupimwa, na mahindi yaliyokuwa shambani siku hiyo hakuyavuna yeye. Tangu hapo Mama ana imani yake. Ugonjwa, kwake, ni kama nyuki: haukusumbui mpaka umechokora mzinga. "Alikuwa sawa mpaka walipompima," husema. Ukimjibu kwamba ugonjwa ulikuwemo tayari, anakutazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyesoma sana.

Haya yote niliyajua. Nilichokosa kujua ni kwamba kila nikisema bima, mama yangu alisikia pima. Na kila yeye akisema pima, mimi nilisikia bima kwa matamshi ya nyumbani. Tulizungumza hivyo karibu mwezi mzima, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

Ilipobaki wiki moja nilipanda gari hadi nyumbani, nimejaa hasira na vifungu vya sheria. Nilimkuta jikoni anasonga ugali.

"Mama, kisheria mimi ni tegemezi wako," nikaanza.

"Kumbe. Juzi si ulisema uko na haki zako?"

"Ninazo. Lakini kwa hii bima, niko chini yako."

"Hii pima yako imenichosha."

"Imenichosha na mimi! Sikiliza, Mama. Chuo kinaitaka. Wasipoiona kufikia Ijumaa, siendi mahakamani. Nisipoenda mahakamani, sitakuwa wakili. Basi. Nitarudi hapa tuchune majani pamoja."

Nilisema ile ya mwisho kwa dharau, nakiri, maana nilijua itamchoma. Mama aliacha kusonga. Ugali ulianza kunuka kuungua na hakuugeuza.

"Chuo ndicho kinataka?"

"Chuo."

"Yangu mimi? Si yako?"

"Yako, Mama. Wewe ndiye mzazi."

Akageuza ugali. "Sawa," akasema. "Alhamisi tunaenda."

Nilifurahi sana. Nilijiona wakili tayari, tena wa kesi ngumu. Usiku huo nilimwandikia rafiki yangu ujumbe kwamba mzee wa baraza, yaani Mama, amekubali kwa hoja, si kwa vurugu.

Siku zilizofuata Mama alikuwa mpole kupita kiasi. Aliniamsha nikakame ng'ombe, akasimama nyuma yangu akinielekeza. Anza na chuchu za kushoto, ndivyo anavyopenda. Usimwimbie nyimbo za redio, anazuia maziwa. Kisha akanionyesha ni kibuyu gani kinatoa mursik nzuri, yale maziwa yetu ya mgando yanayotiwa majivu, na ni kipi kimeanza kuchoka, na mstari gani wa chai uchunwe kwanza kukinyesha. Nikajiambia, alaa, huyu mama amenitafutia mchumba. Nilimuuliza wazi: "Mama, unataka kuniozesha?" Akacheka kidogo na kusema, "Mtu ajue kwao tu." Nilipiga chafya kwa majivu ya kibuyu na sikufikiria zaidi.

Alhamisi asubuhi akatoka chumbani amevaa sare ya kina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, na mkononi mfuko ule mkubwa wa mistari ambao hutumika kuhamia.

"Mama, tunaenda kituo cha afya. Unahama?"

"Huwezi kujua."

"Ndani kuna nini?"

"Vitu vya mtu mzima."

Sare yenyewe sikushangaa, maana Mama huvaa sare hata kwenda kwa chifu. Lakini ule mfuko ulinichekesha njia nzima. Mwenye boda alilazimika kuukumbatia mbele kama mtoto, na nilimwambia Mama kwamba mwenye boda amepata mzigo na amepata na mke. Hakucheka. Alikuwa akiangalia mashamba ya chai yanavyopita, moja moja, na mdomo wake ulikuwa unasogea. Nilidhani anahesabu nani amechelewa kuchuna.

Pale kituo cha afya meza ya kuandikisha bima ilikuwa kwenye veranda, na nyuma yake kijana mpole mwenye tai na kompyuta ndogo. Akatukaribisha viti. Akaandika jina, akaandika kitambulisho. Kisha akasema neno ambalo kama ningekuwa na akili ningelikamata hapo hapo.

"Sawa, Mama. Kabla hatujaendelea, lazima tupime uwezo wako. Usiogope, ni maswali tu."

Mama akanishika mkono chini ya meza. "Ameanza," akanong'ona.

Mnajua yale maswali. Serikali inataka kujua una uwezo gani ndipo iseme utachangia nini, kwa hivyo inauliza nyumba ni ya nini, ng'ombe unao, maji unatoa wapi. Mama alijibu yote kwa sauti ya chini, macho kwenye uso wa kijana, akitafuta kama amekunja paji.

"Mnalala wangapi kwa nyumba?"

"Mimi. Na huyu akija." Kisha haraka: "Lakini yeye hajaambukizwa."

Kijana akadhani ni mzaha, akatabasamu.

"Mnapikia nini?"

"Kuni."

"Kuni tu?"

"Kuni tu. Kwani ni moshi?" Mama akanigeukia. "Dadangu pia alipikia kuni."

"Mama, jibu tu swali," nikasema kwa meno.

"Na choo chenu ni cha aina gani?"

Hapo Mama aliinamisha kichwa. Nimemwona mama yangu akibishana na karani, na chifu, na mchungaji, lakini sijawahi kumwona akiona haya namna ile. Alirekebisha kitambaa, akaangalia nyuma kama foleni inasikia, na foleni yote ilikuwa inasikia.

"Ni kizuri tu, kijana yangu," akasema polepole. "Cha kawaida. Kila asubuhi."

Kijana aliinua macho. "Aa... ni cha shimo, Mama?"

"Ya nini kukiangalia mpaka shimoni?" Mama akasema.

Mzee mmoja nyuma yetu alikohoa mpaka akashika ukuta. Mimi niliweka uso ndani ya viganja. Machozi ya kicheko yalinitoka, na nikadhani hii ndiyo hadithi nitakayowasimulia wenzangu bweni zima: jinsi Mama alivyolitetea tumbo lake mbele ya serikali.

Ikaja zamu ya kidole. Kidole cha mchuna chai si kitu cha kuonyesha mashine. Kina weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni, na ile mistari ambayo wengine wote tunayo, chai imeshaichukua. Mashine ikalia. Kijana akampa kitambaa cha maji, akajaribu kingine. Ikalia tena.

"Kidole kimekataa," kijana akasema.

"Kimekataa," Mama akarudia. Akakaa sawa sawa kwenye kiti, kama mtu kanisani akisubiri baraka ya mwisho. "Sema tu, kijana. Usinifiche. Niko na mtoto wangu hapa."

Nikaanza kumwambia aache mchezo, na hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mama wa Kisii ambaye mumewe alikuja kufanya kazi kwenye shamba kubwa la chai, wakanunua kipande, wakabaki. Yeye na Mama huongea Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Wakili wetu! Pole sana, mwanangu. Wamemlaza wodi gani?"

"Nani?"

"Si mama yako! Nauliza kama nilete uji jioni ama mtarudi kumchukulia. Na usiwe na wasiwasi na ng'ombe, ndoo ya kukamia nimepewa. Aliileta jana. Akaniambia nikame mpaka atakaporudi, na asiporudi ng'ombe niuze, nikupatie wewe umalize shule."

Niliangalia ule mfuko. Nikauvuta karibu na kuufungua bila kuomba ruhusa. Ndani kulikuwa na blanketi. Kulikuwa na ndara, kikombe, kijiko, kipande cha sabuni, Biblia, leso mbili na kibuyu kidogo cha mursik.

"Mama," nikasema, "tumekuja kufanya nini hapa?"

"Si kupimwa."

"Bima, Mama. Bima!" Nilifunga midomo kwa nguvu kwenye ile herufi, nikaitema. "Bbbima! Ile ya kukulipia hospitali ukiugua. Ya kuandikwa tu. Hakuna mtu anakupima!"

Mama alinitazama. Akamtazama kijana. Kijana naye alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, na polepole nikaona uso wake unaelewa, kuanzia kwa kuni, kupitia kwa choo, hadi kwa kidole.

Mama akikasirika huhama Kipsigis na kuingia Kiswahili, ili kila mtu apate.

"Kwa hivyo umenitembeza hapa na blanketi, mbele ya watu, nimeulizwa mpaka tumbo langu, na ilikuwa ya kuandikwa tu?"

"Si nilikuambia ni bima!"

"Na mimi si nilikuambia ni pima!"

Foleni ikaangua kicheko, na kijana wa tai akajiinamia kwenye kompyuta, mabega yanatikisika. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma, neno moja moja, hadi jikoni, hadi ule ugali.

"Lakini kama ulidhani ni kupimwa," nikamuuliza, "mbona ulikubali? Wewe ambaye hutaki hata kupimwa kiatu?"

Alianza kurudisha vitu kwenye mfuko, ndara chini, Biblia juu.

"Ulisema chuo kinataka yangu, si yako," akasema. "Nikafikiri wanataka kujua kama mzazi ataishi mpaka mtoto amalize, ndipo wamruhusu. Ni haki yao. Nikasema basi wacha wanipime. Wakinipata na kitu, ng'ombe yuko."

Nililia. Pale pale kwenye veranda, na sare yake nikailowesha begani, na yeye akinipiga mgongo kwa ile mikono iliyokataliwa na mashine, akisema, "Nyamaza, watu watafikiri tumepata majibu mabaya."

Kijana wa tai alijaribu vidole vyote, kwa subira ya ajabu, na cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo ambacho hakigusi jani, ndicho kilikubali. Mama aliandikwa. Mimi nikaandikwa chini yake, tegemezi. Nikampa mkono kijana, nikabeba mfuko, nikamwambia Mama twende.

Mama hakusimama.

"Wale wa kupima wako wapi?" akauliza.

"Mama, nimekuambia haihitajiki."

"Nimesikia. Lakini nimeshaoga, nimeshavaa, nimeshaaga. Siku nyingine sitaweza kujiandaa hivi tena. Na kama hiyo kitu yako inalipa, wacha ifanye kazi."

Ilikuwa mlango wa pili tu. Nesi alimfunga ule mkanda wa presha kwenye mkono, ukajaa upepo, na Mama akafunga macho. Nami nikagundua kwamba mimi, msomi, niliyekuwa nikimhubiria mwezi mzima, nilikuwa nimefunga ya kwangu pia. Nilimwomba Mungu kwa matamshi ya nyumbani.

"Presha iko juu," nesi akasema. "Imekaa juu siku nyingi, nafikiri. Kichwa hakikuumi, Mama?"

"Kidogo. Jioni."

Hilo sikuwa nimelijua. Angalau goti alilitaja.

"Ni vizuri umekuja. Utameza dawa kila siku, na kila mwezi utakuja hapa tukuangalie."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Mpaka lini?"

"Mama, wewe bado sana," nesi akasema, akicheka. "Utakuja mpaka tuzoeane."

Mama alikunjua mkono wa sare yake taratibu, akafunga kifungo. Nikaona kitu kinatulia usoni mwake, ile sura ninayoijua kutoka kituo cha majani, karani akishatoa mkono kwenye gunia na kusema lipite.

Tulipotoka aliomba simu yangu. Jirani alishika mara moja, nikamsikia akiuliza wodi, akiuliza uji.

"Rudisha ndoo yangu," Mama akamwambia. "Jioni nakama mwenyewe."